Lundo la saa nne

Jirani anamwagilia lenta yake, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, tangu juzi, na harufu ya saruji mbichi iliyolowa inaingia mpaka jikoni. Imenirudisha Dodoma, kwa yule mzee, fundi niliyejenga naye.

Kabla ya koleo la kwanza tulivua kofia. Alisema Mithali 16:3, "Mkabidhi Bwana kazi zako, na mawazo yako yatathibitika," kisha akaomba kwa ufupi, akitaja saruji, ngazi na mikono ya vijana. Amina, halafu kuhesabu ndoo. Mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba. Unachanganya kavu kwanza, unageuza mara tatu mpaka rangi iwe moja, ndipo unatia maji, kama lita 25, na uyapunguze mchanga ukiwa umelowa. Vibarua hupenda zege la uji kwa kuwa linateremka lenyewe kati ya nondo. Lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na hapo ndipo nguvu inapopotelea.

Siku hiyo tulikuwa tunafunga lenta. Saa nne ngazi ikavunjika. Kuitengeneza kulichukua zaidi ya saa moja na nusu, lundo la mfuko mzima likipigwa jua na ule upepo mkavu. Tuliporudi, koleo liligonga badala ya kuzama. Nikachota ndoo ya maji nililainishe.

Mzee akaishika ndoo upande wa pili. Hatukuvutana. Tulisimama tu, maji yakichezacheza katikati yetu, vumbi la saruji limemkauka kwenye nyusi.

"Limeshaanza kushika, mwanangu. Ukiliongezea maji litalainika, lakini halitashikamana tena."

"Litafunikwa na plasta, fundi. Nani ataliona?"

Akalitazama lundo kwanza, kisha mimi.

"Asubuhi tumemkabidhi nani?"

Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujibiwa. Sikuwa na jibu. Akaiweka ndoo chini, akachukua koleo, akaanza kulitandaza lile zege kwenye njia ya toroli, mahali ambapo lisingebeba mzigo wa mtu. Nikamfuata.

Tukachanganya upya, tukamaliza jioni. Tukamwagilia siku saba, asubuhi na jioni. Mbao za chini, juu ya milango na madirisha, zilikaa wiki mbili bila kuguswa.

Jumamosi akagawa malipo. Ya kwetu yalikuwa kamili. Ya kwake yalipungua bei ya mfuko mmoja. Tukavua kofia tena. Akashukuru kwa kazi ya wiki, kitu kimoja kimoja kama kawaida yake, na lile lundo la saa nne akalitaja pamoja na mengine.

Nilisema amina. Sina hakika hadi leo kama moyo wangu uliisema.