Taa Tatu Zilizowaka kwa Pamoja

Siku ya kwanza haina habari. Barabara ilikuwa kavu, mzigo umetulia, na mimi na mdogo wangu tuliongea mpaka maneno yakaisha. Tulikuwa tunapeleka nyumbani vitu vya marehemu baba: kabati, vitanda viwili, makasha ya zana zake na cherehani ya mama. Hata lori lilikuwa la baba, lori dogo la dizeli la volti 12, umri wake umepita miaka 30, na mimi nilikuwa sijawahi kuliendesha mbali.

Mambo yalianza jioni, tukipanda mlima na mvua inanyesha. Gurudumu la mbele liliingia shimoni, na papo hapo taa nyekundu ya breki ikamulika kwenye dashibodi. Ile yenye picha ya betri nayo ikamulika, na ile ya njano ya chujio la dizeli. Zikazimika. Nikajiambia ni macho. Shimo la pili zikawaka tena zote tatu, na safari hii hazikuzimika. Zilibaki hafifu, kama makaa yaliyofunikwa majivu.

Nikasimama. Kwa taa ya breki nilikagua mafuta ya breki, yamejaa, na breki ya mkono iko chini. Kwa taa ya chujio nililala chini kwenye matope, nikafungua kizibo cha kutolea maji; ikatoka dizeli safi, tone la maji hakuna. Nikabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, umekaza vizuri. Kipimo cha joto kilikuwa katikati kama kawaida, na hilo lilinipa moyo, kwa sababu mkanda ule ndio unaozungusha oltaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, na ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, taa ya chaji, ile ya picha ya betri, inawaka na injini inaanza kuchemka muda si mrefu, na hapo hakuna kuendelea hata kilomita moja. Wangu ulikuwa mzima.

Taa ya betri niliiacha. Gari lilikuwa limewaka vizuri tangu asubuhi, nikaona betri haina neno. Nikarudi barabarani na taa kubwa, waipa, na feni ya kupuliza kioo cha mbele kilichojaa ukungu.

Baada ya saa moja na ushei mwanga wa mbele ukawa wa njano kama wa kibatari. Waipa ilikuwa ikifika katikati ya kioo inapumzika, halafu inajikokota kurudi. Nikawasha indiketa ili nijivute pembeni, haikulia. Kisha injini ikanyamaza yenyewe, mteremkoni, gizani, usukani umekuwa mzito mikononi mwangu. Wengi tunaamini dizeli ya zamani haihitaji umeme ikishawaka. Si kwa kila gari. Kwenye pampu ya dizeli ya lori letu kuna vali ndogo inayoshikwa wazi na umeme, na umeme ukidhoofika inajifunga, dizeli haipiti. Kwenye magari mengine ya zamani injini huzimwa kwa kuvuta kebo, na hayo kweli yanaweza kutembea mchana kutwa betri ikiwa imekufa.

Tulilala ndani ya kabini. Kiti kile kina chuma kilichotokeza upande wa dereva, na mpira wa mlango umekatika, maji yakawa yanatiririka mpaka begani. Mdogo wangu alikunja miguu juu ya boksi la vyombo. Sikumbuki usiku mrefu kuliko huo.

Asubuhi dereva mmoja alituazima umeme wa betri yake kwa nyaya, tukafika kwenye gereji ya mji wa karibu. Fundi alifungua boneti, akaitazama betri, akasema imekufa. Nikamweleza habari ya taa tatu. Akasema gari kuukuu nyaya zake zimechoka, nizipuuze. Hakushika mita ya kupimia umeme. Hakugusa oltaneta hata kwa mkono. Alifunga betri mpya, akabaki na ya zamani, na bei aliyonitoza ikameza fedha zote tulizoweka kwa ajili ya malazi. Bado linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu kupima kungemchukua dakika mbili.

Siku ya pili ilipita hivi hivi. Lori lilikimbia vizuri, jua lilikuwa kali, na zile taa tatu zilibaki zinawaka kwa unyonge chini ya mwanga wa mchana hata nikazizoea. Sasa najua tulikuwa tunatumia akiba. Betri ya saa-ampea 60 ikianza safari imejaa, mchana bila taa kubwa gari kama lile halili umeme mwingi, unaweza kwenda siku nzima ukidhani umepona. Ukiwasha taa kubwa mbili za wati 55, na waipa, na feni, na taa za nyuma, unakula ampea 15 au zaidi. Hapo akiba hiyo ni ya saa nne kwa hesabu ya karatasi, na kwa kweli ni chini yake.

Giza lilipoanza kuingia, mwanga wa mbele ukaanza tena kuwa wa njano. Sikusubiri. Niliona malori mawili yameegeshwa kwenye uwanja wa kokoto kando ya barabara, nikaingia hapo, nikazima. Nikajaribu kuwasha tena. Stata ikaguna mara mbili, injini ikakubali kwa shida. Nikazima kabisa nikakaa na ufunguo mkononi. Nilikuwa tayari kulia.

Mzee mmoja alishuka kwenye lori la jirani, tochi mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia stata yako inalia njaa. Washa ufunguo tu, usiwashe injini, nione."

Nikageuza. Akainamia dashibodi kwa muda mrefu.

"Hizi tatu, njiani zilikuwa zinawaka moja moja, au kwa pamoja?"

"Kwa pamoja, mzee. Zikizimika, zote. Zikiwaka, zote."

"Basi una ugonjwa mmoja. Usitafute mitatu."

Akanieleza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Kwenye magari mengi ya dizeli ya zamani, taa ya breki na ya chujio zimeunganishwa pia na waya wa taa ya chaji, ili ukiwasha ufunguo ziwake zote, ujue balbu ni nzima. Oltaneta ikianza kuzalisha, zinazimika zote. Oltaneta ikishindwa njiani, zinarudi zote, na dereva anahangaika na breki isiyo na kosa. Taa ya breki ikiwaka peke yake, kagua breki, tena haraka. Ikiwaka na mwenzake wa betri, nenda kwenye oltaneta kwanza.

Alileta mita yake. Betri ikiwa imepumzika alisoma volti 11.9. Betri iliyojaa inapaswa kuwa 12.6 hivi. Tukawasha injini: 11.7. Nikakanyaga mafuta: 11.7 ile ile. Alisema pale ndipo fundi wangu angejua, kwa maana injini ikinguruma betri inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4, na ikipita 15 ujue rekuleta, kidhibiti cha volti cha oltaneta, haizuii tena na itachemsha betri. Kisha akahamisha ncha ya mita kwenye boliti kubwa ya oltaneta yenyewe. Nayo 11.7. Nikauliza kwa nini anarudia. "Kama hapa ingesoma juu na kwenye betri chini, tungesema oltaneta ni nzima, ni waya mnene au kichwa cha betri. Sasa hapa nako ni chini. Waya hauna kosa."

Tukazima injini, akaniambia niache ufunguo umewashwa, akachukua spana ndogo akaisogeza nyuma ya oltaneta, karibu na beringi. Hakuna kitu. Akaniambia nimfuate kwenye lori lake, akawasha ufunguo wa kwake, akanipa spana niishike mwenyewe. Ilipokaribia iliniponyoka vidoleni, ikaganda kwenye chuma kwa mlio. Nilirudia mara tatu kwa furaha kama mtoto. Ufunguo ukiwa umewashwa, umeme mdogo unapita kwenye rota, sehemu inayozunguka ndani ya oltaneta, na kuifanya sumaku. Bila sumaku hiyo oltaneta ni gurudumu linalozunguka bure. Kwangu umeme haukuwa unafika kwenye rota.

Jaribio la mwisho ndilo lililonisisimua. Injini inawaka, mdogo wangu akiangalia dashibodi, mzee akagonga mwili wa oltaneta taratibu kwa mpini wa bisibisi. "Zimezima!" mdogo wangu akapiga kelele. Mita ikaruka 13.9. Sekunde mbili, taa zikarudi.

"Kaboni," mzee akasema.

Alianza kwa kufungua waya wa hasi wa betri, kwa sababu waya ule mnene wa oltaneta una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Akafungua nati tatu za kifuniko cha nyuma, akatoa kishikio cha kaboni. Kaboni mbili, kila moja na springi yake inayoisukuma igusane na pete za shaba za rota; hizo ndizo zinazopeleka umeme kwenye rota. Moja ilikuwa bado inagusa kidogo. Ya pili ilikuwa imelika mpaka kiwaya chake cha shaba kimekaza kwa ndani na kuizuia, springi inasukuma lakini kaboni haiendi. Ndiyo maana shimo la barabara liliziwasha na kuzizima taa.

Spea hatukuwa nayo. Mzee alipasha moto msumari mnene kwenye jiko lake la gesi, akayeyusha risasi ya kulehemu iliyoshika mkia wa kile kiwaya, akakiachia kisogee milimita tatu, akakibana mpaka risasi ikapoa. Alishikilia kwa koleo bila kupumua, mimi nikimmulikia. Sehemu ya kaboni iliyobaki ikatokeza nje. Zile pete alizisugua kwa msasa laini mpaka zikarudi rangi ya shaba. "Hii itakufikisha," alisema, "haitakurudisha."

Tulipofunga kila kitu, nikawasha ufunguo. Taa tatu zikawaka, na spana ikaganda nyuma ya oltaneta. Nikawasha injini. Zikazima zote kwa mpigo mmoja. Mita 14.2, na taa kubwa zikiwa zimewashwa 13.9. Nilimshika mzee mkono kwa mikono miwili nikashindwa la kusema. Hakutaka malipo. Alichotaka ni nimwahidi mambo mawili: kwamba sitafungua kamwe kichwa cha betri injini ikiwa inawaka ili "kupima" oltaneta, maana umeme unaoruka hapo huua dayodi na rekuleta, na kwamba taa ya chaji isipowaka kabisa nikiwasha ufunguo, nisifurahi. Kwenye oltaneta nyingi za zamani umeme wa kuiamsha rota hupitia kwenye balbu hiyo hiyo, na balbu ikiungua oltaneta inaweza kulala bila kukuambia.

Tulingoja kuche. Usiku huo wa pili kabinini chuma cha kiti kilikuwa pale pale, lakini sikulala kwa sababu nyingine. Nilikuwa namuwaza baba. Kila asubuhi alikuwa akiwasha ufunguo kisha anatulia, anatazama dashibodi, sisi nyuma tunalalamika tunachelewa. Nilidhani anasubiri plagi za kupasha injini zipate moto. Lakini taa ya plagi ilikuwa inazimika, na yeye bado anatazama.

Siku ya tatu tulifika mchana, taa zimezima njia nzima. Tulishusha kabati, vitanda, cherehani. Jioni nikafungua makasha ya zana ili nitafute koleo. Kwenye kasha la pili, chini ya spana zilizopangwa kwa saizi, kulikuwa na mita imefungwa kwenye kitambaa. Tumeibeba mgongoni mwa lori siku zote tatu. Chini ya mita kulikuwa na boksi la kiberiti, na ndani yake kaboni mbili mpya za oltaneta. Nikazipima kwenye kishikio: zinatosha, upana ule ule.

Kwa hiyo alikuwa ameshaziona taa zile zikimulika. Alinunua spea, akaiweka, hakuwahi kuifunga.

Nilizifunga mimi kesho yake, safari hii kwa risasi na chuma cha kulehemu. Mpya zilitokeza zaidi ya milimita 10. Ile iliyolika ilikuwa imebaki kipande kidogo tu, na bado ina alama ya koleo la mzee. Nimeiweka kwenye lile boksi la kiberiti, kashani, chini ya mita.