Kadi ya kliniki iliyomtoa mpwa wangu kwa watu wazima

Mpwa wangu alikamatwa Mbeya mwaka 2023, akituhumiwa kubeba mitungi miwili ya gesi ya wizi kwenye bodaboda. Alikuwa na miaka 15. Hati ya mashtaka iliandikwa 18, na aliyeitaja namba hiyo ni yeye mwenyewe.

"Anko, bosi alituambia tukisimamishwa tuseme kumi na nane," alininong'oneza nilipokwenda kumwona. Askari hakuuliza mara ya pili. Kijana akalazwa na watu wazima.

Sheria ya Mtoto ya 2009 nilikuwa naisikia redioni tu. Nilipoisoma nilishangaa: mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, asichanganywe na wakubwa, kesi yake isikilizwe faragha, ofisa ustawi wa jamii awepo, na kifungu cha 119 kinakataza kabisa kumhukumu kifungo. Nzuri kweli. Ila yote hayo hayakumgusa mpwa wangu, kwa sababu kwenye karatasi hakuwa mtoto.

Cheti cha kuzaliwa hana. Dada yangu akapekua sanduku huko Tukuyu, akaibuka na kadi ya kliniki: panya wamekula pembe moja, imelowa mafuta ya taa, lakini tarehe inasomeka na chanjo zote zimejazwa. Tukaongeza cheti cha ubatizo na barua ya mtendaji wa kijiji.

Aliyenifungua macho ni ofisa ustawi mmoja, mama mwenye mafaili mengi kuliko viti. "Usibishane na polisi kaunta. Mwambie hakimu, kijana akipandishwa." Siku hiyo nikanyoosha mkono, magoti yanagongana. Hakimu akaipokea kadi, akaigeuza, akamtazama kijana kuanzia miguuni, akaagiza umri uchunguzwe. Siku tisa baadaye faili likahamia mahakama ya watoto: chumba kidogo, meza, viti, hakuna kizimba. Dhamana nikasaini mimi.

Maofisa humwita "mtoto aliyekinzana na sheria". Mtaani kwetu ni kibaka tu. Mwishowe aliachiwa kwa masharti, mwaka mzima chini ya uangalizi wa yule mama wa ustawi. Bosi wa bodaboda hakuitwa hata kuhojiwa, na hilo bado linanikera.

Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, tulikuja kukipata, nikakilaminisha. Siku hizi kijana akiulizwa umri hataji miaka. Anasema, "Nimezaliwa Aprili 2008."