Vitamini D ya mgonjwa wa figo si ile ya kujinunulia

Jina ni moja, lakini dawa ni mbili tofauti, na wanaochanganya hapo ndio wanaoumia.

Vitamini D ya kawaida, ya jua au ya chupa, huingia mwilini ikiwa bado imelala. Ini huianzia kazi, figo huimalizia, na figo hizo hizo hupima kiasi cha kuamsha. Figo zikichoka, fosfeti (madini yanayotoka kwenye chakula) hujaa kwenye damu, kalsiamu hushuka, na tezi nne ndogo za shingoni humwaga homoni ya PTH inayokwangua kalsiamu kwenye mifupa. Ndiyo maana daktari huandika kalsitrioli, ambayo imeshaamshwa kiwandani, au alfakalsidoli (wengi wanaijua kama One-Alpha), inayohitaji ini peke yake. Zote mbili zinaipita figo, kwa hiyo breki ya mwili haipo tena. Breki iliyobaki ni vipimo vya damu.

Si kila mwenye figo mbovu anazihitaji. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2017 unashauri kwamba kwa asiyesafishwa damu zisitolewe kimazoea. Ziachiwe hatua ya 4 na ya 5 ya ugonjwa wa figo, tena PTH ikiwa imepanda sana na inazidi kupanda. Kwa anayesafishwa damu, PTH haitakiwi hata kurudi kawaida: inaachwa kati ya mara 2 na mara 9 ya kikomo cha juu cha maabara. Kikomo kikiwa 65, basi 130 hadi 585 ni sawa, usishtuke. Ikikandamizwa mno, mfupa unaacha kujijenga upya.

Sasa kidonge chenyewe. Kalsitrioli huja ya mikrogramu 0.25 au 0.5, alfakalsidoli 0.25, 0.5 au 1. Boksi hufanana, kwa hiyo soma namba kila unapochukua dawa mpya. Kosa jingine liko kwenye bahasha ya dawa. Wengine huandikiwa mara tatu kwa wiki, lakini bahasha inatoka na "1x1", na mgonjwa anameza kila siku. Muombe mfamasia aandike siku zenyewe: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Meza kapsuli nzima, usiitafune. Ukisahau, meza ukikumbuka siku ile ile. Ikishapita, iache, usimeze mbili kwa mpigo.

Jambo ambalo halielezwi vya kutosha ni kalsiamu kaboneti, vile vidonge vya kukamata fosfeti. Vitafune katikati ya mlo, chakula kikiwa mdomoni, ili vikutane na fosfeti tumboni na vitoke nayo chooni. Ukivimeza tumbo likiwa tupu havina cha kukamata. Kalsiamu yake inanyonywa, na kwa kuwa kalsitrioli au alfakalsidoli inafungua mlango wa utumbo, inaingia nyingi. Mlango huo huo unapitisha fosfeti pia, kwa hiyo dagaa wa kuliwa na mifupa yao na soda nyeusi vina uzito zaidi sasa kuliko zamani.

Usiongeze vidonge vya kalsiamu vya kuyeyusha kwenye maji, mafuta ya ini la samaki, wala dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu. Mwambie daktari kama unatumia digoksini, dawa ya kukojoza ya jamii ya thiazaidi, dawa ya kifafa, au rifampisini ya TB.

Mwanzoni, na kila dozi ikibadilishwa, kalsiamu na fosfeti hupimwa kila wiki moja au mbili; baadaye kila mwezi, na PTH kila miezi mitatu hivi. Ukishika karatasi ya majibu, angalia na albumini, protini ya damu inayobeba kalsiamu. Kalsiamu 2.45 (mmol/L) inaonekana salama, kwani maabara nyingi huishia 2.6 hivi. Lakini albumini ikiwa 28 (g/L) badala ya 40, zimepungua 12. Zidisha kwa 0.02, unapata 0.24. Kalsiamu iliyosahihishwa ni 2.69, na hiyo imezidi. Muulize daktari ameitazama ipi.

Kiu isiyoisha, choo kigumu, kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni, mwili kulegea, kuchanganyikiwa, moyo kwenda mbio bila mpangilio: zikija mbili tatu pamoja, usimeze dozi inayofuata kabla ya kuongea na kliniki, na upimwe kalsiamu siku hiyo hiyo. Moyo ukienda ovyo au akili ikichanganyikiwa, nenda moja kwa moja hospitali. Beba kila chupa uliyonayo nyumbani. Kalsitrioli ikisimamishwa, kalsiamu hushuka ndani ya siku chache na mara nyingi dawa huanzishwa tena kwa dozi ndogo. Ile vitamini D ya kawaida hujificha kwenye mafuta ya mwili, na ikizidi hukaa wiki hata miezi.