Nilivyowafundisha majirani kuweka kamba chini

Mtu akichanganyikiwa ghafla uswahilini, daktari ndiye wa mwisho kufika. Wanaotangulia ni bodaboda wa kijiweni, mama lishe, jirani mwenye kamba ya kuanikia nguo, na watoto wasiokosa pahali. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Tanga. Nimepokea wagonjwa wengi wenye michubuko ya kamba mikononi, wengine wamevimba kwa kipigo cha watu walioamini wanasaidia. Nilipoomba kuendesha mafunzo mtaani kwetu, niliwataka haohao wanaotangulia.

Mwenyekiti wa mtaa alinipa orodha yake ya wajumbe na wanakamati, watu waliozoea semina. Niliipokea kwa heshima, halafu nikaenda kijiweni mwenyewe. Bodaboda hawezi kukaa darasani kutwa wakati mwenye pikipiki anasubiri hesabu yake jioni. Tukakubaliana tukutane mchana biashara ikilala, saa moja tu, kwenye benchi la mama lishe. Posho haikuwepo, na nililisema hilo mapema ili atakayekuja asije akanidai.

Sikuanza na majina ya magonjwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wenye hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Nilizichukua hizo tatu, tukazifanyia mazoezi kwa kuigiza. Kijana mmoja wa bodaboda akajifanya anasikia sauti zinazomwambia majirani wanataka kumuua. Wenzake wakamzunguka, kila mmoja akipiga kelele lake: "Tulia!" "Kaa chini wewe!" "Mshikeni!" Nikasimamisha igizo nikamuuliza mgonjwa wetu amejisikiaje. Akasema, akiwa bado anahema, kwamba pale kwenye duara aliamini kweli watamuua.

Jibu lake lilifanya kazi kuliko somo lolote langu. Taratibu zetu wamezitunga wao wenyewe. Msemaji awe mmoja, ikiwezekana mtu anayefahamiana na mgonjwa, na amwite kwa jina lake. Asimame ubavuni, mbali kidogo, asikoweza kufikiwa kwa mkono, wala asimzibie njia ya kutokea. Mwingine awaondoe watoto, mwingine atoe kisu na jiko la mkaa. Sauti anazosikia mgonjwa tusizibishie wala tusizikubali. Mama lishe alipata maneno mazuri ya kumwambia: "Mimi siisikii, mwanangu, ila naona inakutesa." Mpaka leo ninayatumia wodini.

Suala la mashetani lilikuja, kama nilivyotarajia. Nikimwambia mtu wa Tanga hakuna majini, somo limekwisha na benchi limebaki tupu. Badala ya kubishana nilimwalika ustadhi anayewasomea watu, tukagawana kazi. Kisomo kiendelee, lakini wapo wanaopitia zahanati kwanza: mwenye homa, kwa sababu malaria kali huvuruga akili, mwenye kisukari, maana sukari ikishuka mtu huropoka kama mlevi, mwanamke aliyejifungua karibuni, mwenye degedege lisilokatika, na mlevi wa muda mrefu aliyeacha pombe ghafla, akaanza kutetemeka na kuona vitu siku mbili tatu baadaye. Huyo wa mwisho watu humwona anatubu, kumbe anaweza kufa. Ustadhi aliandika orodha yote kwenye daftari lake. Sasa ndiye anayenipigia simu kuliko wote.

Palipokuwa pagumu ni kuzungumzia kujiua. Walihofu kwamba ukimuuliza mtu unampa wazo. Niliwaeleza kuwa kuuliza kwa upole hakupandi wazo hilo, na mara nyingi humpa mtu nafasi ya kupumua. Tukafanya mazoezi ya swali lenyewe, kwa sauti, mpaka likaacha kuwakwama kooni: "Je, umefikia hata kuwaza kufa?" Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na sumu za shambani zitoke nyumbani kwake siku hiyohiyo. Familia nyingi huficha, na mojawapo ya sababu ni kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinachohesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Wenzetu wa Kenya, Mahakama Kuu yao ilikitamka kifungu chao cha namna hiyo kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Mimi nangoja yetu.

Haya yote yangekuwa bure kama zahanati ingewarudisha. Kwa hiyo kabla ya mafunzo kwisha nilimleta mganga mfawidhi akae kwenye benchi lile, akubaliane nao nani apigiwe usiku na mgonjwa aingie mlango upi. Usafiri ni bajaji, mgonjwa katikati na ndugu wawili pembeni, si pikipiki. Nauli inatoka kwenye kibubu cha kijiwe.

Kamba zimepungua. Ninaowapokea kutoka mtaa wetu wengi huingia wodini wakitembea kwa miguu yao. Kitu kinachonishinda bado ni simu: hata waliofundishwa, mkono unakwenda mfukoni kurekodi. Kijiwe kimeamua atakayerekodi alipe nauli ya bajaji, na tayari wawili wamelipa.