Lawama za Go Fish: zipi ni za filamu, zipi ni za nakala yako

Go Fish ikitajwa tu, watazamaji hugawanyika. Wapo wanaoishika kama hazina, na wapo wanaoizima kabla ya nusu saa wakisema picha ni chafu, sauti haisikiki, waigizaji wamekauka na hadithi haitembei. Lawama hizo nne husemwa kwa pumzi moja, kana kwamba zimetoka mahali pamoja. Hazijatoka pamoja. Picha chafu mara nyingi ni kosa la faili uliyopewa. Sauti ni kosa la filamu kweli, ila sebule zetu za Kisumu huliongeza maradufu. Ukavu wa waigizaji kwa sehemu kubwa ni uamuzi. Na kosa kubwa zaidi la filamu hii halimo hata kwenye orodha hiyo.

Kwa asiyeijua: iliongozwa na Rose Troche, aliyeiandika pamoja na Guinevere Turner, na Turner ndiye anayeigiza Max. Ilipigwa Chicago, nyeusi na nyeupe, kwa ukanda wa milimita 16, na ina dakika 83. Gharama inayotajwa siku zote ni dola 15,000 hivi. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance Januari 1994, ikanunuliwa na kampuni ya usambazaji ya Samuel Goldwyn tamasha likiwa bado linaendelea, kisha ikaingiza takriban dola milioni 2.4 katika majumba ya sinema ya Marekani. Mwaka huohuo ikapata tuzo ya Teddy, ya filamu za wapenzi wa jinsia moja, mjini Berlin. Hadithi ni ndogo. Max anatafuta mpenzi. Kia, mhadhiri anayeishi naye, anamsukuma kwa Ely, mwanamke mkimya mwenye nywele ndefu ambaye bado amefungwa na mpenzi aliye mbali, Seattle. Max akimtazama Ely mara ya kwanza haoni kitu. Pembeni yupo Daria, anayeishi na Ely, na Evy, mpenzi wa Kia. Basi. Hakuna anayeuawa wala anayejiua, na hakuna anayerudi kwa mume mwishoni. Kwa filamu ya wanawake wapendanao ya wakati ule, hilo peke yake lilikuwa jambo.

Tuanze na picha. Fremu ya milimita 16 ina eneo la karibu robo tu ya fremu ya milimita 35. Ukiikuza ijaze skrini, chembechembe za ukanda nazo zinakua, na zinacheza kwa sababu kila fremu ina mpangilio wake. Hiyo ni sura halali ya filamu hii, kama nyuzi zinavyoonekana kwenye kikapu. Tatizo huanza pale filamu nzima inapobanwa kwenye faili ya MB 350, ile ya kupeanwa kwa flashi. Piga hesabu: MB 350 kwa dakika 83 ni kama megabiti 0.56 kwa sekunde. Programu ya kubana video huokoa nafasi kwa kurudia vile visivyobadilika kati ya fremu na fremu, lakini chembechembe hubadilika zote, kila mara. Programu inashindwa, inazipaka ziwe mabaka ya mraba, na nyuso za usiku zinageuka matope. Kisha mtu anaandika kwamba Troche hakujua kupiga picha. Nakala ya GB 2 inakupa megabiti 3 na zaidi kwa sekunde, na mabaka mengi yanaondoka. Tafuta nakala halali iliyotokana na urekebishaji mpya ukiweza, maana filamu ilisafishwa na kurudishwa Sundance mwaka 2024. Kisha kwenye runinga chagua hali ya sinema, shusha ukali wa picha hadi karibu na sifuri, na zima ile kazi ya kulainisha mwendo. Ukali ukiwa juu, runinga huchora mstari mweupe kuzunguka kila chembe.

Kuhusu nyeusi na nyeupe, wengi hudhani ni pozi la kisanii. Ni akili ya mtu asiye na taa. Chumba cha kukodi kina mwanga wa dirisha ulio na ubluu, balbu iliyo na unjano na jikoni kuna mrija wenye ukijani. Kwa rangi, mchanganyiko huo unafanya uso wa mtu uonekane mgonjwa, na kuurekebisha kunataka karatasi za kuchuja, taa za ziada na siku nzima. Kwa nyeusi na nyeupe, mwanga ni mwanga. Tena ukanda unakula pesa: futi 400 za milimita 16 zinakwisha kwa dakika 11 na sekunde chache, kwa hivyo dakika 83 ni karibu futi 3,000 hata kama usingerudia pigo lolote. Ukipiga kila tendo mara tatu tu, umefika futi 9,000. Ukikumbuka hesabu hiyo, utaelewa kwa nini baadhi ya mazungumzo yanasikika kama pigo la kwanza. The Nest Collective, kundi la wasanii wa Nairobi, nao walichagua nyeusi na nyeupe kwa filamu yao Stories of Our Lives mwaka 2014, na nyuso za watu wetu zilikaa vizuri humo.

Sauti. Hapa wanaolalamika wana haki. Vyumba vitupu vina mwangwi, maneno mengine yanamezwa, na kiwango hupanda na kushuka kutoka tendo moja hadi jingine. Lakini angalia unachosikilizia. Nyumba nyingi zetu zina wufa, na wufa imewekwa besi juu kwa ajili ya ohangla na rumba. Konsonanti zinazotofautisha neno na neno zinakaa juu, kilohezi 2 hadi 4, na besi nzito inazifunika kabisa. Shusha besi hadi sifuri, pandisha treble kidogo, au chomeka spika za masikioni. Ukitumia Bluetooth na midomo ikatangulia sauti, kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, bonyeza J au K mpaka vikutane. Usiitazame saa kumi jioni kipindi cha mvua, kwa sababu mvua ya Kisumu ikianza kupiga mabati hakuna mnong'ono utakaousikia. Feni nayo iwe mbali na masikio.

Uigizaji ni suala lingine. Wengi wa wale wanawake hawakuwa waigizaji wa kazi, na inaonekana. V. S. Brodie, anayeigiza Ely, anaongea kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa, na mtazamaji aliyezoea sinema inayosimuliwa na DJ Afro, ambapo hapiti sekunde tano bila neno, atahisi ameachwa peke yake. Mimi naona Brodie ndiye bora katika filamu nzima. Ukimya wa Ely ni wa mtu aliyejificha nyuma ya mpenzi asiyeonekana ili asilazimike kupenda aliye karibu, na Brodie anaubeba mabegani. Turner ana kasi, ana mdomo, lakini mara kwa mara unaona anasubiri zamu yake ya kusema. Ukavu wa kweli uko kwa marafiki wanapotoa hoja ndefu.

Na hapo ndipo kosa ninalolilaumu mimi. Kati ya matendo, filamu inaweka vipande vya taswira na sauti ya mtu akisoma maneno ya kishairi. Kimoja, cha gauni la harusi, kina nguvu, kwa sababu kinaonyesha hofu ya kumezwa na maisha uliyopangiwa. Vingine vinarudia kilichokwisha kusemwa na nyuso. Mtazamaji anayesema hadithi haitembei, mara nyingi amekwama humo. Vile vikao vya marafiki waliolala vichwa vikigusana, kamera ikiwatazama kutoka juu, wakijadili mapenzi ya wenzao, mimi singevigusa. Hicho ni kikao cha wanawake kama unavyokijua, kilicho na umbea na upendo ndani yake.

Tendo la Daria linagawa watu zaidi. Amelala na mwanamume, na usiku wanawake wenzake wanamzingira wakimhoji bado ni nani. Wapo wanaosema filamu inawatukana wasagaji kwa kuwaonyesha wakihukumu. Sikubaliani. Troche alithubutu kuonyesha kwamba jamii ndogo nayo ina baraza lake na faini zake, na Daria anajibu bila kulia.

Ukitaka mtu asiyekifuata Kiingereza cha haraka aione, itabidi uandike maandishi ya chini kwa Kiswahili, na kazi hii ina mitego ambayo haimo kwenye filamu nyingine. Faili ya SRT ni rahisi: namba, mstari wa muda kama 00:04:12,300 --> 00:04:15,100, kisha maneno, kisha mstari mtupu. Usizidi herufi 42 kwa mstari, mistari miwili kwa mara moja, na herufi kama 17 kwa kila sekunde ya kusoma. Mfano huo una sekunde 2.8, yaani herufi 47 basi. Hifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8 na tumia kiapostrofi kilichonyooka, la sivyo ng' itatokea na takataka katikati.

Maandishi yakichelewa kwa kiasi kilekile toka mwanzo hadi mwisho, VLC ina G na H za kuyasogeza. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na midomo, usihangaike na vitufe hivyo. Nakala za DVD za Ulaya hucheza fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hivyo dakika 83 zinakuwa pungufu ya 80, na kila dakika kumi unapoteza sekunde 24. Fungua faili ya maandishi kwa programu ya Subtitle Edit, badilisha kiwango cha fremu kutoka 24 hadi 25, na itakaa.

Mtego mkubwa ni lugha yenyewe. Kiingereza kinasema mpenzi ni wa kike kwa herufi tatu tu za kiwakilishi. Kiswahili hakisemi. "Alimwambia bado anampenda" ni herufi 25 safi, lakini nani kamwambia nani, na ni mwanamke au mwanamume? Kijaluo nacho hakikuokoi, maana "en" ni wote wawili. Ukiandika kwamba Ely ana mpenzi Seattle, mtazamaji wa Kondele hapa Kisumu atamwazia mwanamume, na kila kitu kinachofuata kitampotea. "Mpenzi wa kike" inafaa mara ya kwanza, baadaye inachosha. Dawa ninayoiamini ni majina: weka Ely, Max, Evy palipokuwa na kiwakilishi. Daria muachie "demu", ndivyo mtu wa aina yake angesema Kisumu. Kia usimpe, yeye ni mhadhiri.

Kisha lile neno la Kiingereza, "lesbian". Filamu inafunguka darasani, wanafunzi wakitaja wanawake mashuhuri wanaodhani walipenda wanawake, na neno linarudi mara kwa mara. "Mwanamke anayependa wanawake" ni herufi 28, theluthi mbili za mstari zimekwisha kabla hujasema kitu. "Msagaji" ni fupi na kila mtu analijua, ila wengi wamelisikia kwanza kama tusi. "Shoga" Pwani ni rafiki wa kike wa mwanamke, huku kwetu ni mwanamume, kwa hivyo liache. Ningeandika "lesbiani" wanapojiita wenyewe, na "msagaji" pale tu neno linaporushwa kama jiwe. Likitumika mara zote, utakuwa umewatukana wahusika ndani ya filamu waliyojitengenezea.

Tendo la Evy halihitaji mbinu yoyote. Mume aliyeachana naye amemchongea kwa mama, na mama anamfukuza nyumbani. Andika kwa maneno mafupi, sentensi moja moja, bila kupamba. Watazamaji wa huku wanaolalamika kuhusu mengine yote hunyamaza hapo, na Evy anapofika kwa Kia akiwa hana pengine pa kwenda, hakuna anayeuliza habari ya chembechembe.

Kuonyesha filamu hadharani Kenya kunataka idhini ya KFCB, bodi ya serikali inayokagua filamu, chini ya Sura ya 222 ya sheria za Kenya, na bodi hiyo ilizuia filamu mbili za Kenya za mapenzi ya jinsia moja, Stories of Our Lives mwaka 2014 na Rafiki mwaka 2018. Rafiki ilifunguliwa na Mahakama Kuu kwa siku 7 tu, Septemba 2018. Kwa hivyo yote haya ni ya sebuleni.

Limebaki tendo la kucha. Ely ameshakata nywele zake zikawa fupi kabisa, na sasa wako wawili tu nyumbani. Max anaishika mikono ya Ely, anaona kucha ni ndefu, anachukua kikata kucha na kuanza kuzipunguza, kidole kimoja baada ya kingine. Mtazamaji asiyejua huona usafi. Anayejua mapenzi ya mikono yanavyodai kucha fupi huanza kutabasamu kabla ya kidole cha tatu. Ni tendo la gharama ndogo kuliko yote, watu wawili na kifaa cha mfukoni, na ndilo watazamaji hulikumbuka hata wakiwa wamesahau majina. Hapa ondoa maandishi yote yasiyo ya lazima. Sauti ya kikata kucha ni ndogo, inapotea kwa urahisi, basi punguza besi kabla hujafika hapo na uzime feni kwa dakika hizo chache.