Maji kwenye oili ya trekta kuukuu: tatizo lilikuwa chini ya laina

Trekta letu la zamani, ambalo laina zake (mirija ya chuma ambamo pistoni hucheza) huzungukwa na maji, lilikuwa likipunguza maji ya rejeta huku oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa. Gasketi mpya ya silinda hedi haikusaidia. Laina mpya na oringi mpya (pete za mpira zinazozuia maji chini ya laina) zilituliza kwa muda tu, maji yakarudi kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini.

Kilichomaliza kazi ni usafi wa bloki, yaani mwili wa injini unaoshika laina. Nilichomoa laina zote, nikapitisha kidole kule chini oringi zinapobana. Kutu ilikuwa imeganda, ukingo wake mkali wa kuchana mpira. Nikaikwangua, nikamalizia kwa msasa laini hadi kidole kikateleza. Juu nako, pale bega la laina (ukingo wake wa juu uliotokeza) linapokaa, nikasugua hadi chuma kitupu.

Kisha nikaingiza laina bila oringi, nikapima inavyochomoza juu ya bloki na kulinganisha na kitabu cha injini. Ukipima oringi zikiwamo, mpira huisukuma laina juu na kipimo kinakudanganya.

Ukishaivisha laina oringi, pitisha kijiti laini cha mviringo chini ya oringi, ukizungushe kuizunguka laina nzima, mpira usibaki umejisokota. Hilo ndilo watu wengi hawaambiwi! Nikapaka maji ya sabuni, nikaisukuma laina wima, nikaibana isipande.

Kabla ya kufunga pistoni niliziba matundu ya pembeni, nikajaza bloki maji usiku kucha. Asubuhi chini palikuwa pakavu kabisa.