Jinsi nilivyoibandua rangi kuukuu ya manifoldi ya Subaru kabla ya kuipaka rangi ya unga

Yeyote anayemiliki Subaru Impreza ya STI jijini Nairobi anaifahamu ile manifoldi nyekundu, yaani bomba lenye matawi linalogawa hewa kwenye silinda, inayokaa juu ya injini ya EJ20, yenye rangi ya mikunjo-mikunjo, na anafahamu pia kwamba baada ya miaka mingi ya joto na mafuta rangi hiyo hupasuka na kubanduka vipande vipande kama ukoko wa wali. Yangu ilikuwa imefikia hali ya kunitia aibu, na hapa mjini boneti ya Subaru haifunguliwi bila watu kusogea kutazama. Niliamua ipakwe rangi ya unga, ile inayorushwa kwa umeme kisha ikaokwa katika tanuri, kwa kuwa rangi ya kopo haidumu mahali penye joto na petroli. Kupaka ni kazi ya wenye tanuri. Kubandua rangi ya zamani ndiyo kazi niliyojitwika mwenyewe, na ndiyo iliyonionyesha jinsi ushauri mbaya unavyotolewa bure na kwa ukarimu mkubwa.

Karibu kila fundi niliyemuuliza katika Barabara ya Kirinyaga alinipa jibu moja: chovya kwenye kostiki soda, kesho utaikuta nyeupe. Kwa chuma jibu hilo ni sahihi kabisa, na kwa hakika trei ya betri na vishikio vya chuma vya gari langu vilitakasika kwa njia hiyo bila taabu. Manifoldi, hata hivyo, ni alumini ya kusubu, na kostiki soda huila alumini kama inavyoila rangi. Sikutaka kubishana na watu wazima, kwa hiyo niliokota kishikio cha alteneta kilichovunjika, nacho cha alumini, nikakitumbukiza katika ndoo ya kostiki mbele ya fundi mmoja aliyekuwa akiniona mbishi. Maji yalianza kuchemka yenyewe bila moto, ndoo ikapata joto, na povu likapanda pamoja na mvuke unaokereketa koo. Mapovu hayo ni haidrojeni, hewa inayoshika moto, na ndiyo maana nilikuwa nimewakataza watu wasivute sigara karibu. Tulipokitoa, kishikio kilikuwa cheusi kama kilichopitia moshi, uso wake umejaa vishimo, na tundu la bolti lililokuwa na hesi nzima sasa liliipokea bolti na kuiacha ining'inie. Fundi alikigeuzageuza, akasema, "Basi mzee, umeshinda," akaenda zake.

Nilitumia dawa ya kubandulia rangi, ile nzito kama uji inayouzwa na wauzaji wa rangi za magari, kopo moja likinigharimu chini kidogo ya elfu mbili. Nyingi za dawa hizo zenye nguvu zina dikloromethani, ambayo mwili huigeuza kuwa kaboni monoksidi, hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa, na mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kuwauzia wanunuzi wa kawaida dawa za namna hiyo. Fanyia kazi nje, penye upepo, na glavu za kufulia hazitoshi kwa sababu dawa huzipenya. Tatizo lake kubwa ni kwamba hukauka kabla ya kumaliza kazi, hasa kwenye rangi ya mikunjo iliyo nene. Nilichofanya ni kuipaka nene bila kuisuguasugua, kisha kuizungushia manifoldi yote karatasi ya plastiki ya kufunikia chakula, kwani mifuko ya plastiki ya dukani tulishaagana nayo ilipopigwa marufuku Kenya mwaka 2017. Nilipoifungua jioni, rangi ilikuwa imevimba na kujikunja, na sehemu kubwa ilitoka pamoja na plastiki yenyewe. Brashi ya waya ya kuchomeka kwenye drili niliikataa, kwa sababu huilainisha alumini na kuupaka uchafu ndani ya vinyweleo badala ya kuutoa.

Mabaki yaliyojificha kwenye pembe yaliondolewa kwa kupulizwa chembe za kioo kwa shinikizo la chini. Mchanga wa mto sikuutaka: vumbi lake huharibu mapafu, na punje moja iliyonasa ndani ya manifoldi itaishia kwenye silinda. Milango yote ya manifoldi ya kupitishia hewa niliiziba kwa vibati nilivyovikata kwa kufuata gasketi ya zamani na kuvifunga kwa bolti, na baada ya kupuliza niliosha ndani kwa maji moto, sabuni na brashi ya kusafishia chupa ya mtoto hadi kitambaa cheupe kilipotoka kikiwa safi.

Hapo nilidhani, kama angedhani mtu yeyote mwenye macho, kwamba kipande ni safi. Niliipeleka katika karakana moja ya rangi ya unga, wakaipaka na kuioka papo hapo, nami nikakabidhiwa manifoldi nyekundu iliyojaa vitobo na malengelenge kama ngozi yenye tetekuwanga. Walinieleza kwamba sikuisafisha vizuri. Ukweli ni kwamba alumini ya kusubu ina vinyweleo, na manifoldi iliyovuta mvuke wa mafuta kwa miaka huyanywa mafuta hayo mpaka ndani, mahali ambapo dawa wala kioo havifiki. Katika tanuri mafuta hutoka kwa joto na kutoboa unga wakati unayeyuka. Anayefanya kazi hiyo kila siku alipaswa kulijua jambo hilo kuliko mimi. Rangi hiyo mpya ilibidi niibandue tena, na angalau dawa iliitoa kama ngozi ya nyoka, karatasi nzima nzima.

Katika karakana ya pili niliomba kipande kiokwe kitupu kwanza, kwa joto la juu kidogo kuliko lile la kuivisha unga, yaani kama nyuzi 220 za Selsiasi dhidi ya 200. Kijana wa tanuri alikataa. "Mzee, hilo dude la injini likitoa moshi humu, madirisha ya watu yataharibika," alisema, akimaanisha fremu za wateja wengine zinazookwa katika tanuri hilohilo, na alikuwa na haki, kwa hiyo tulikubaliana nisubiri hadi kazi za siku ziishe na nimwachie kitu cha chai. Baada ya kama saa moja tulifungua mlango. Alumini niliyoiona nyeupe asubuhi ilikuwa na madoa ya kahawia yaliyochirizika kutoka kwenye viungo vya mabomba, na chini yake, kwenye trei, palikuwa na tone la mafuta meusi. Niliyafuta kwa asetoni, tukairudisha ndani, na tukarudia hivyo mpaka ilipotoka bila doa. Usiamini kipima joto cha miali kwenye alumini tupu, kwa kuwa husoma chini mno. Fuata kipimo cha tanuri lenyewe na uipe metali muda wa kushika joto. Na rimu za alumini usizitendee hivyo, kwani joto likizidi huzipunguzia nguvu waliyozipa kiwandani.

Kuanzia hapo tuliishika kwa glavu safi tu. Nyuso za gasketi tulizifunika kwa utepe unaostahimili joto, matundu ya hesi tukayafunga kwa bolti kuukuu, na utepe ukabanduliwa kipande kikiwa bado na uvuguvugu ili ukingo wa rangi usimeguke. Yote kwa jumla, pamoja na ile karakana ya kwanza ambayo haikunirudishia hata shilingi, yalinigharimu kama elfu kumi na kitu, na nusu yake ningeibakiza mfukoni kama kipande kingeokwa kitupu tangu mwanzo.